Mkono wa Kujitolea Nao Hufunzwa

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya kujitolea. Panapokuwa na harusi, matanga au maulidi, jikoni hujaa kina mama ambao hawakuajiriwa na mtu wala hawatarajii malipo. Hata hivyo, mwenye kulitazama jiko hilo kwa makini ataona jambo ambalo aghalabu hatulitaji: humo hamna mtu aliyeachwa ajitafutie la kufanya. Yuko mpishi mkuu ambaye neno lake halipingwi. Wako wa kuchambua mchele, wa kukuna nazi na wa kumenya vitunguu. Yuko pia msichana aliyeketi karibu na sufuria kubwa, hajaruhusiwa kuitia mwiko; mwaka huu anatazama, na mwakani huenda akaachiwa kukoroga. Kila mmoja wao alialikwa mlangoni kwake, kwa jina lake. Na jioni kila mmoja hurejea nyumbani na sahani iliyofunikwa. Msaada huo ni wa bure, lakini una mafunzo ndani yake, una nafasi ya kila mtu, na una shukrani.

Twaleta mfano huu kwa sababu kwa miaka minne sasa tumekuwa kundi la wanawake wanaojitolea katika nyumba moja ya makumbusho ya sanaa hapa pwani. Miongoni mwetu wamo walimu wastaafu, washonaji, mama wa nyumbani, na wasichana waliomaliza kidato cha nne wakawa wanangoja kuitwa chuo kikuu. Siku za Jumamosi asubuhi, na wakati wa likizo za shule, huwapokea watoto na familia, tukawatembeza baina ya milango ya kuchonga, leso za zamani, mikeka, vyombo vya fedha na miswada ya kale. Katika miaka hiyo tumejifunza kwamba wanaoendesha nyumba kubwa za sanaa wakati mwingine hawayajui yale ambayo mpishi mkuu wa harusi anayajua bila ya kuyasomea. Ndiyo maana tumeona tuyaandike haya, kwa faida ya wenye nyumba hizo, na zaidi kwa faida ya familia ambazo mabinti na mama zao wanaombwa waje kusaidia.

Kazi hii ina historia yake. Mwaka 1907, Museum of Fine Arts ya mji wa Boston, Marekani, ilianza kuweka watu wa kusimama pamoja na wageni mbele ya picha na sanamu na kuzungumza nao. Aliyeipigania fikra hiyo ni katibu wa makumbusho hayo, Benjamin Ives Gilman, na watu hao wakapewa cheo kilichotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufundisha. Msingi wa fikra yake ulikuwa mwepesi: kitu kizuri kikiwekwa kabatini na kuachwa peke yake, hakizungumzi na kila apitaye. Kinahitaji mtu wa kukifungulia mlango. Baada ya hapo desturi hiyo ilienea katika makumbusho mengi ya Marekani, na walioibeba kwa miaka mingi ni watu wa kujitolea, wengi wao wanawake. Huko London nako, ndani ya British Museum, wako wajitoleaji wanaokaa kwenye meza maalumu na kuwaruhusu wageni kuvishika kwa mikono baadhi ya vitu vya kale. Hapa kwetu Kenya, Nairobi kuna Kenya Museum Society, jumuiya ya wanachama iliyoanzishwa mwaka 1971 kuyaunga mkono makumbusho ya taifa, ambayo nguvu zake zimetoka kwa wanaojitolea.

Pwani yetu ina haja ya watu hao pengine kuliko mahali pengine. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikaja ikawa gereza, na haikuacha kuwa gereza hadi mwaka 1958. Ndani yake mna kipande cha ukuta ambacho Wareno walikichora merikebu na watu. Mtoto akipita hapo peke yake huona mikwaruzo tu. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ya shaba, ni katika kazi bora za mikono zilizopata kutengenezwa katika upwa huu, lakini kijana asiyeelezwa kwamba zilipulizwa katika sherehe za watu wenye cheo huziona kuwa ni pembe kubwa tu. Tuna vitu, tunachopungukiwa ni watu wa kuketi na mtoto mbele ya vitu hivyo.

Mafunzo ya kwanza tuliyopewa yalikuwa karatasi mbili. Tuliambiwa tuzihifadhi na tuanze kazi Jumamosi iliyofuata. Mwenzetu mmoja aliyekuwa mwalimu kwa miaka 30 aliuliza ni nani atakayetueleza habari za vitu vyenyewe, akajibiwa kwa tabasamu kwamba sisi ni wenyeji, tunajua. Jibu hilo lilikuwa na heshima kwa nje, lakini kwa ndani lilikuwa la kutuondolea haki yetu. Kuzaliwa katika nyumba yenye mlango wa kuchonga hakumfanyi mtu aujue umri wa mlango, wala mti uliotumika, wala namna ya kuuepusha na mchwa. Mwenye kuambiwa kwamba anajua, ilhali hakufundishwa, husukumwa kubuni. Na mtoto wa shule huyaamini yote anayoyasikia ndani ya jengo la makumbusho.

Miezi michache baadaye alikuja mhifadhi mpya, kijana mwenye adabu na subira. Jambo lake la kwanza lilikuwa kutuombea Jumamosi sita za mafunzo, bila ya mgeni hata mmoja. Wakubwa wake waliona ni kupoteza muda. Sisi twasema Jumamosi hizo sita ndizo zilizotufanya tubaki.

Jumamosi ya kwanza tulifundishwa habari ya mikono yetu. Jasho na mafuta ya ngozi huacha alama juu ya fedha na shaba, na alama hiyo baadaye hula madini. Kwa hivyo vyombo vya madini hushikwa kwa glavu. Lakini sahani ya kauri mara nyingi hushikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa, kwa kuwa glavu huteleza. Chombo hubebwa kwa mikono miwili, kwa kitako chake, wala hakiinuliwi kwa mkono wake hata kama mkono huo waonekana imara. Wala hakiinuliwi kabla hujajua utakapokitua. Kuandika ni kwa penseli, kwani wino ukidondoka juu ya kitu cha miaka 200 hauombwi radhi ukafutika.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mwangaza. Rangi ya kitambaa ikishaliwa na mwanga hairudi, hata kitambaa kikifungiwa gizani miaka mingapi. Ndiyo sababu nguo na karatasi za kale huonyeshwa katika mwanga hafifu, kama laksi 50 kwa kipimo cha wataalamu, na ndiyo sababu wageni hukatazwa kupiga picha kwa taa. Hapo wengi wetu tulitazamana. Nani kati yetu hajaona leso yake ikipauka kwa kuanikwa juani? Elimu tulikuwa nayo kambani. Kilichokosekana ni mtu wa kuiunganisha na kabati la vioo.

Ya tatu hatutaisahau. Ilihusu miswada, na miongoni mwayo misahafu iliyoandikwa kwa mkono. Kisiwani Pate, mji wa Siyu ulisifika zamani kwa waandishi walionakili Qur'ani, na kila familia ya pwani yapaswa kuwaeleza watoto wake jambo hilo. Mhifadhi alitufundisha kwamba kitabu cha kale hakifunguliwi kikalala wazi kabisa, bali hutegemezwa kwa mito pande zote mbili ili mgongo wake usivunjike. Kwamba ukurasa hugeuzwa kwa upole kutoka pembeni. Kwamba kidole hakitiwi mate. Sisi nasi tulimweleza yetu: udhu kwanza, msahafu usiwekwe chini, usiwekewe kitu juu yake, usiachwe wazi pasipo msomaji. Aliyaandika yote. Tangu siku hiyo kanuni za chumba cha miswada zina sehemu mbili, na sehemu ya pili ni yetu. Tulifahamu hapo kwamba mafunzo mema hayaendi upande mmoja.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya maswali. Wataalamu wawili wa Marekani, Abigail Housen na Philip Yenawine, walitunga njia ya kuwaongoza watu kutazama sanaa kwa maswali matatu: ni jambo gani linaloendelea hapa, umeona nini hata ukasema hivyo, na ni nini zaidi tunachoweza kukiona. Mwongozaji hamtangulii mtoto kwa jibu. Humngojea. Tuliona ugumu mwanzoni, kwa sababu malezi yetu yamezoea mkubwa aseme na mdogo asikize. Kisha likaja darasa la watoto wa miaka kumi, tukawasimamisha mbele ya fremu ya mlango wa kale na kuwauliza wanaona nini. Mmoja alisema mnyororo. Mwingine, mtoto wa mvuvi, alisema si mnyororo, ni kamba ya nanga. Wa tatu aliinama chini kabisa akaona mawimbi, na ndani ya mawimbi akaona samaki ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumempita wiki nyingi. Watoto wale walikaa mbele ya mlango mmoja kwa dakika 20, na hakuna aliyeuliza lini wataondoka.

Jumamosi ya tano tulijifunza neno moja: sijui. Mjitoleaji aliyefunzwa husema, "Sijui, lakini nitauliza," kisha huuliza kweli, na jibu huandikwa katika kitabu cha maswali ili mwenzake alikute. Ya sita ilikuwa ya usalama: milango ya kutokea, namna ya kumpokea mgeni wa kiti cha magurudumu, na sharti kwamba mtu mzima asibaki faraghani na mtoto wa mwenziwe. Mama yeyote atafahamu kwa nini siku hiyo ilikuwa na uzito sawa na nyingine zote.

Hayo ni mafunzo. Sasa twaja kwenye kuthaminiwa, na hapa hatuna budi kusema wazi.

Miongoni mwetu yumo bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 70. Hakusoma shule ya serikali. Alisoma chuoni akahitimu, akashona, akauza, akalea. Alikuja mara ya kwanza akimsindikiza mjukuu wake, na akapenda. Siku moja yaliwekwa maonyesho ya leso za zamani, na kando ya leso moja paliandikwa kwamba ni leso ya kutunzwa biharusi. Bibi aliitazama pindo, akautazama mji, kisha akasoma jina, akacheka hata akatafuta pa kukaa.

"Hii haendi nayo mtu harusini," alisema. "Hii hununuliwa kwa ajili ya jirani mliyekosana, ukaivaa ukapita nayo mbele ya baraza yake, usiseme neno."

Yule mhifadhi kijana alikuwapo. Alimwinamia. "Shikamoo, bibi. Naomba unisomee na hizi nyingine."

"Marahaba, mwanangu. Niletee kiti, na unipe miwani yangu."

Asubuhi ile alizisoma leso 11. Alieleza ipi ya kusutana, ipi ya kuombana radhi, ipi ambayo mke humwekea mumewe kitandani atokapo safari. Alikumbuka zipi zilipatikana Mombasa katika maduka ya Biashara Street alipokuwa msichana, na zipi zilikuja baadaye. Hakuna kitabu ndani ya maktaba ya nyumba ile kilichokuwa na habari hizo.

Maelezo ya ukutani yalibadilishwa baada ya wiki tatu. Yalipobadilishwa, yaliandikwa kwamba ni kwa mujibu wa wataalamu. Bibi hakulalamika, pengine hakuyasoma. Tuliolalamika ni sisi. Mtaalamu alikuwa mmoja, ana jina, na jina hilo lilijulikana na kila aliyekuwapo. Tulipokwenda kuuliza, mhifadhi alitufungulia daftari la vitu na kutuonyesha safu zake: nambari, aina, mahali kilipotoka, tarehe ya kupokewa, na jina la aliyekileta. Safu ya aliyekieleza haikuwamo. Daftari lilitengenezwa na watu ambao hawakufikiri kwamba maelezo yangeweza kutoka kwa mama wa nyumbani. Kijana yule alichukua rula na penseli, akachora safu mpya pembeni mwa ukurasa, akaandika jina la bibi mara 11.

Twaamini kwamba penseli ile ilikuwa na thamani kuliko vyeti vyote tulivyopewa mwisho wa mwaka. Hatuvidharau vyeti, msichana anayetafuta kazi hukihitaji cheti, tena kiandike alifunzwa nini na alitumikia saa ngapi, si maneno matupu ya sifa. Chai ya pamoja nayo ni njema. Lakini mtu anayetoa elimu yake huthaminiwa kwa kuaminiwa elimu hiyo na kuandikiwa kuwa ni yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Itakuwaje basi mcheza kwao asitajwe hata jina?

Jambo hili lina upana kuliko daftari moja. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi yalizunguka Marekani, yakaanzia katika makumbusho ya chuo kikuu cha Illinois, yakaenda Washington, kisha Los Angeles, na baadhi ya vitu vilivyoonyeshwa vilitoka katika makumbusho ya Kenya. Watu wa mbali walivitazama vitu vya mabibi zetu na kuvistaajabia, nasi twafurahi. Lakini safari kama hizo zinaweka swali mbele yetu: yanapoandikwa maelezo ya kufuatana na vitu hivyo, neno la mwanamke aliyevitumia litakuwamo? Litakuwamo ikiwa lilipokewa na kuandikwa hapa nyumbani, angali hai.

Kuthamini pia kuna gharama, na gharama haifichiki. Mjitoleaji hutoa muda wake; si haki atoe na nauli. Katika mwaka wetu wa kwanza wasichana wawili waliokuwa wakivuka feri kuja kwetu waliacha kuja, na sababu haikuwa uvivu. Ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, ambayo nyumbani kwao ni unga wa siku. Waliobaki ni sisi tuliokuwa na uwezo kidogo, na watoto waliotutembelea wakawa wanawaona watu wa namna moja tu. Tuliomba nauli iwekwe katika hesabu za makumbusho. Tuliomba chumba kidogo cha kuswalia. Tuliomba zamu zimalizike kabla ya watoto kutoka chuoni, na kwamba katika Ramadhani pasiwe na zamu za alasiri. Mawili ya kwanza tuliyapata baada ya kuomba mara nyingi. La tatu tulipewa siku ile ile, kwa kuwa halikugharimu kitu. Mmoja wa wale wasichana wawili alirudi.

Habari ya Chicago inatufunza jinsi mambo haya yalivyo magumu hata penye mali. Art Institute of Chicago ilianzisha mpango wake wa wajitoleaji mwaka 1961. Kwa maelezo ya wajitoleaji wenyewe, mtu alisoma miezi 18, mara mbili kwa wiki, kabla ya kukubaliwa kuongoza wageni. Septemba 2021, zaidi ya wajitoleaji 80 walipokea barua ya kuwaarifu kwamba mpango umefika mwisho. Makumbusho yalieleza kwamba yanataka njia mpya yenye waelimishaji wa kulipwa, ili kazi hiyo ifunguke kwa watu wa kila hali, kwani waliokuwapo wengi walikuwa wanawake weupe, wenye umri na wenye nafasi. Miongoni mwa shukrani zao walipewa uanachama wa bure wa miaka miwili.

Tuliisoma habari hiyo pamoja na tukabishana Jumamosi nzima. Wengine walisema makumbusho yalikuwa na haki: kazi isiyo na malipo wala nauli huwa kazi ya wenye uwezo, na mtoto wa maskini akija hamwoni aliyefanana naye. Wengine walisema wale wanawake walidhulumiwa: miezi 18 ya kusoma na miaka mingi ya kutumikia haifungwi kwa barua. Mwisho tuliona kwamba yote mawili ni kweli. Mlango ulikuwa mwembamba, na ulistahili kupanuliwa. Lakini mpishi mkuu akitaka kuleta vijana jikoni huwaketisha kando ya wakongwe wapokezane mwiko. Hawatoi wakongwe nje kwanza.

Liko na jambo la mwisho ambalo ni zito kuliko yote. Mwaka jana, walinzi wawili wa mlangoni walimaliza mikataba yao na hawakupewa mingine. Wiki hiyo hiyo tuliulizwa, kwa upole mkubwa, kama baadhi yetu wangeweza kukaa mlangoni na kukata tikiti. Tulikutana, tukashauriana, na tukajibu kwamba hatutaweza. Kazi ya mlangoni ilikuwa riziki ya watu wawili wenye watoto, na tunawajua. Sadaka ya muda wetu isiwe kisu cha kukatia chakula cha mwingine. Baadhi ya wakubwa walitununia. Mlinzi mmoja alirudishwa baada ya miezi miwili. Wa pili alikuwa ameshapata kazi kwingine. Hatudai kwamba ni kwa sababu yetu. Twasema tu kwamba mjitoleaji ana haki ya kujua mwisho wa msaada wake uko wapi, na makumbusho yana wajibu wa kumwandikia mpaka huo siku ya kwanza.

Kwa hivyo, wasomaji wetu watukufu, binti yenu au mama yenu akialikwa kujitolea katika nyumba ya sanaa, msimzuie, kwani mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi tumeokota mengi: elimu, masahaba, na fahari ya kuviona vitu vya nyumbani kwa jicho jipya. Lakini ulizeni kabla hajatoka nyumbani. Nani atakayemfunza, na kwa siku ngapi? Zamu itaisha saa ngapi, na ataswali wapi? Nauli ni ya nani? Anayoyajua yeye yataandikwa kwa jina lake? Na lau asingekwenda, ni nani angelipwa kuifanya kazi hiyo? Nyumba njema haitachukizwa na maswali hayo. Nyumba itakayochukizwa imeshawapa jibu.

Bibi yetu magoti yake hayamudu tena kupanda ngazi za makumbusho. Alhamisi baada ya swala ya alasiri, mhifadhi huchukua picha za leso zilizo ghalani, akafuatana na mmoja wetu hadi nyumbani kwake, na daftari kwapani. Bibi huzisoma akiwa amejinyoosha kitandani, mbili au tatu kwa siku, kisha huchoka. Ghalani mna leso zaidi ya 100 ambazo hazijasomwa. Wiki hii kamwita mjukuu wake, yule aliyemsindikiza siku ya kwanza, akamketisha kando yake na kumwambia asiandike bado, atazame tu.